Sahani ya Babu na Kanda ya Mjukuu: Historia ya Ukusanyaji wa Santuri na Nyimbo za Kufokafoka, Kama Ilivyoonekana Singida

Wahenga wetu walinena kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ilizaliwa katika maisha ya mkulima aliyejua thamani ya ghala lenye mtama wakati wa kiangazi, na bila shaka imewafaa sana watu wa mikoa ya kati ya Tanzania, ambako mvua ni chache na njaa si hadithi ya kusimuliwa tu. Lakini ipo akiba ya namna nyingine, nayo ni akiba ya sauti: nyimbo, mashairi na maneno yaliyonaswa katika sahani za santuri na katika kanda, ili wale ambao hawakuwapo yalipotamkwa wapate nao kuyasikia. Je, akiba hiyo nayo haiozi? Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa kuitazama historia ya ukusanyaji wa sahani na kanda, na hasa albamu za muziki wa kufokafoka, tukianzia katika nyumba moja mjini Singida.

Huenda msomaji akaiona mada hii kuwa ni ndogo, tena ya anasa. Atasema kwamba kukusanya sahani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Hata hivyo, taifa lililorithi sehemu kubwa ya hekima yake kwa njia ya masikio haliwezi kuyadharau mambo ya masikio. Vitabu vyetu vina maktaba, na vyombo vya kale vina makumbusho. Lakini sauti, ambayo ndiyo iliyokuwa kitabu cha babu zetu, mara nyingi imeachwa ilindwe na mtu mmoja mmoja, katika kasha lililo chini ya kitanda.

Nyumba Moja, Makusanyo Mawili

Mji wa Singida uko mahali pa njia panda, baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na miamba mikubwa ya mawe iliyotawanyika kama iliyopangwa na majitu. Barabara itokayo Dodoma huupitia mji huo ikielekea Nzega, Shinyanga na Mwanza, na barabara nyingine huja kutoka Arusha kwa njia ya Babati. Njia kuu ya reli ya kati haikuufikia mji. Yenyewe hupita kusini, katika Manyoni na Itigi. Serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri katika miaka ya 1930, kisha katika miaka ya 1940 ikaling'oa, na watu wakarudia malori na miguu yao. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, kila kitu kigeni kilichoingia Singida, kuanzia chumvi ya dukani hadi wimbo wa mjini, kilikuja juu ya lori.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mwalimu katika mkoa huo. Siku moja alielekezwa nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa utingo wa malori ya Arusha katika miaka ya 1960, ambaye ilisemekana kwamba ana santuri nyingi kuliko mtu yeyote mtaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kusikiliza?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kusikiliza.

"Basi karibu kiti. Wa kununua huwa nazungumza nao hapo hapo mlangoni."

Kisha alinawa mikono, akaikausha, akafungua kasha la mbao. Ndani yake mlikuwa na sahani 63, zote zimesimamishwa wima kama vitabu, kila moja ndani ya mfuko wake wa karatasi. Zilikuwamo za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, za Kilwa Jazz na Western Jazz, za Nuta Jazz na za jirani zetu wa Tabora Jazz. Nyingi zilikuwa sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Juu ya kila mfuko mzee alikuwa ameandika kwa penseli mahali alipoinunua, mwaka, na jambo lililotokea siku hiyo. Mmoja ulisomeka hivi: "Babati. Mvua. Lori limekwama siku mbili." Alikiweka kinanda chake cha betri juu ya meza, akaishusha sindano taratibu, na chumba kikajaa magitaa na tarumbeta za vijana ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa hai.

Alikuwapo pia mjukuu wake, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi. Naye alileta mkusanyo wake, katika katoni ya sabuni. Hizo zilikuwa kanda. Katika ujana wake alikuwa ameazimia kupata kila albamu ya Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, ambaye wengi humwita Sugu, na alianza na zile za mwanzo: Ni Mimi ya mwaka 1995, Ndani ya Bongo ya 1996, Niite Mr. II ya 1998 na Nje ya Bongo ya 1999. Tulizijaribu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa imekatika utepe. Ya pili ilitoa sauti ya mtu anayezungumza akiwa chini ya maji. Ya tatu ilicheza vizuri. Ya nne tulipoibonyeza ilitoa, badala ya kufokafoka, kwaya ya kanisa.

"Ni shangazi," alisema yule kijana. "Alikunja karatasi akaziba matundu ya kanda, akarekodi kwaya yake juu yake. Nilimnunia mwaka mzima."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya. "Mwalimu, babu alinunua za kwake baba yangu hajazaliwa, na mpaka leo zinaimba. Mimi nilinunua juzi tu, na zangu zimekufa. Tena naona katika simu kwamba wenzetu wa Marekani, mtu wa kufokafoka wa miaka ya 1990, albamu yake inapigwa tena katika sahani mpya. Kwa nini wa kwetu hayumo?"

Jinsi Sahani Zilivyotufikia

Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kurudi nyuma. Chombo cha kwanza cha kunasa na kurudia sauti kilitengenezwa na Thomas Edison wa Marekani mwaka 1877, nacho kilitumia mwanzi wa mviringo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner alileta gramafoni inayotumia sahani bapa. Ubora wa sahani ulikuwa katika jambo moja kubwa: iliweza kupigwa chapa kama sarafu. Sauti ilichorwa mara moja, likatengenezwa bamba la chuma, na bamba hilo likatoa nakala kwa maelfu. Hivyo wimbo ulipata kuwa bidhaa, ukaweza kusafiri bila mwimbaji wake.

Katika nchi zetu, mlango wa bidhaa hiyo ulikuwa Zanzibar. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, wakarekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili, nazo zilienea pwani na bara. Shaaban Robert alipouandika wasifu wa mwanamke huyo, alikuwa akiandika habari za mtu ambaye sauti yake ilikuwa imefika mahali pengi ambapo miguu yake haikufika.

Sahani za wakati huo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa lakri uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, zilivunjika kama vigae, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu tu. Lakini zilikuwa na fadhila moja ambayo mtu wa kijijini hakuweza kuipuuza: kinanda chake kilijazwa kwa mkono, kama saa. Hakikuhitaji umeme. Mtu aliweza kukiweka chini ya mbuyu, akazungusha mpini, na watu wakacheza.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni hiyo hiyo ilileta Afrika mfululizo wa sahani uliojulikana kwa herufi GV, zenye nyimbo za Cuba na nchi za jirani zake. Vijana wetu walizisikiliza wakasikia ndani yake ngoma za Waafrika waliochukuliwa utumwani, na ndiyo maana haikuwa ajabu bendi ya Morogoro iliyoongozwa na Salum Abdallah kujiita Cuban Marimba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, makampuni ya kurekodi yaliota Nairobi na Mombasa, na sahani zikabadilika pia: mwaka 1948 ilitoka Marekani sahani ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata sahani ndogo ya mizunguko 45. Hizi zilitengenezwa kwa plastiki. Hazikuvunjika zilipoanguka, wala hazikuwa nzito begani kwa utingo wa lori.

Kwa hiyo sahani za mzee wetu wa Singida ni matunda ya historia hiyo. Bendi ilikuwa Morogoro, Tabora au Dar es Salaam. Sahani nyingi zilipigwa chapa Nairobi. Nazo zilirudi kwa barabara, kupitia Namanga, Arusha na Babati, hadi zikafika katika maduka na vilabu vya miji midogo. Huko wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande ule, na mchezaji ilimpasa asubiri mwenye kinanda ageuze.

Mtoto wa Santuri

Sasa na tuutazame muziki wa kufokafoka wenyewe. Ni jambo la kushangaza, lakini ni kweli, kwamba muziki huo ni mtoto halisi wa ukusanyaji wa santuri kuukuu. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx mjini New York, kijana aliyezaliwa Jamaika, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji husubiri kwa hamu sehemu fupi ya wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma zikabaki peke yake. Basi akawa anatumia nakala mbili za sahani ile ile juu ya vinanda viwili: sehemu hiyo ilipokwisha katika kinanda hiki, aliianzisha katika kile. Ngoma ikawa haina mwisho, na juu ya ngoma hiyo watu wakaanza kughani.

Ili kupata ngoma nzuri iliwabidi vijana hao kutafuta sahani zilizosahauliwa, katika masanduku ya wazazi na katika maduka ya vitu vilivyotumika. Herc mwenyewe alizilowesha sahani zake ili karatasi za majina zibanduke, wapinzani wasijue alikopata hazina yake. Mwaka 1979 wimbo wa kundi la Sugarhill Gang ulitolewa katika sahani kubwa ya inchi 12, na fani hiyo ikatoka mitaani ikaingia madukani. Kwa hiyo Mmarekani anayekusanya albamu za mfokaji wake katika santuri hafanyi jambo geni. Anairudisha fani nyumbani kwa mama yake.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kughani juu ya mapigo kulikuwa kugeni kwetu. Jirani ya Singida, katika nchi ya Ugogo, alizaliwa Mathias Mnyampala, ambaye kabla ya kufariki mwaka 1969 aliendeleza ngonjera, ushairi wa kujibizana mbele ya hadhira, uliotumika kuwaelimisha wananchi kote nchini. Mtoto wa shule aliyesimama mstarini akitoa hoja kwa vina, na mwenzake akampinga kwa vina, hakuwa mbali na kijana wa miaka ya 1990 aliyeshika kipaza sauti. Kilichobadilika ni mapigo, mavazi na chombo cha kunasia.

Kwa Nini Ikawa Kanda

Chombo hicho cha kunasia ndicho kiini cha jibu letu. Nchi yetu haikujenga tasnia yake ya kupiga sahani chapa ikasimama. Kazi hiyo inahitaji mitambo ya kuchora, mabamba ya chuma, mashine za kugandamiza plastiki ya moto, na fedha za kigeni za kununulia malighafi. Tulitegemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Njia ya Namanga, iliyokuwa ikimletea mzee wetu sahani zake, ikazibwa. Miaka hiyo hiyo ilikuwa ya vita vya Kagera na ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Hapana mtu ambaye angetanguliza plastiki ya santuri mbele ya dawa na mafuta.

Katika pengo hilo Radio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi kubwa ambayo haina budi kusifiwa. Iliziita bendi, kwaya na vikundi vya ngoma katika studio yake, ikavirekodi katika kanda kubwa za sumaku, na nyimbo hizo zikasikika hewani kila pembe ya nchi. Hifadhi hiyo, ambayo sasa iko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, ni miongoni mwa hazina kubwa za sauti katika Afrika Mashariki. Lakini wimbo wa redioni haukuwa mali ya msikilizaji. Aliusikia ukapita.

Aliyetaka kuubakiza alihitaji kanda ndogo ya kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Kaseti ilikuwa na sifa tatu zilizoifanya ishinde. Kwanza, redio ya kaseti ilitumia betri, na kwa sababu hiyo ilifika hata vijijini. Pili, haikuruka lori lilipopita katika mashimo. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, mtu yeyote aliweza kuirekodi. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, vibanda vya kunakili kanda vilienea katika miji yote, na kwa bei ya kanda tupu pamoja na ujira mdogo mtu aliondoka na nyimbo za saa nzima.

Huo ndio ulimwengu ambao muziki wa kufokafoka wa Kiswahili ulizaliwa ndani yake. Mwaka 1991 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili juu ya mapigo ya wimbo wa Kimarekani uliokuwa ukivuma, na vijana wakatambua kwamba lugha yao inaweza kuibeba fani hiyo. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit. Mwaka 1994 ilianza Radio One, na vijana wakapata mahali pa kusikika. Kisha zikaja albamu za Mr. II, mwaka 2000 Hard Blasters walitoa Funga Kazi, na mwaka 2001 Professor Jay, yaani Joseph Haule, akatoa Machozi, Jasho na Damu. Mashairi hayo yalizungumzia ajira, rushwa, ahadi za wanasiasa na hali halisi ya maisha ya kijana wa mjini. Uzito wake ulithibitika baadaye: Mr. II alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Maneno yaliyoanza katika kanda ya kibandani yalifika Bungeni.

Lakini tazama majira yake. Sahani ndogo ya plastiki ya kusomwa kwa mwanga, yaani sidii, ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1982, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 makampuni ya dunia yalikuwa yakiitupa santuri. Mfokaji wa Marekani aliiwahi santuri ingali hai; mfokaji wa Tanzania alifika mlangoni nyumba ikiwa inafungwa. Hivyo fani iliyozaliwa na santuri ugenini ililelewa na kanda kwetu, na kanda ni mlezi mwenye mapenzi lakini asiye na maisha marefu. Sauti iliyo katika santuri imechongwa. Ni michirizi ambayo hata jicho huiona. Sauti iliyo katika kanda ni unga wa sumaku uliopakwa juu ya utepe mwembamba. Joto huulegeza, vumbi huukwangua, unyevu huubandua, na kidole cha shangazi huufuta.

Mpya na Kuukuu

Baada ya usingizi wa miaka mingi, santuri imeamka. Nchini Marekani, mwaka 2020, mapato ya sahani za santuri yaliyapita yale ya sidii kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986, na mwaka 2022 hata idadi ya sahani zilizouzwa ilizipita sidii. Albamu nyingi za wafokaji wa miaka ya 1990 zimepigwa chapa upya. Mkusanyaji wa leo ana njia mbili: kununua sahani mpya au kununua sahani iliyotumika, na kila njia ina elimu yake.

Sahani mpya hutegemea kanda mama. Kama kanda ile iliyorekodiwa studio imetunzwa, sahani mpya itakuwa safi. Kama imepotea, sahani mpya itakuwa nakala ya nakala, hata ikiwa na jalada la kupendeza. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini mfokaji wetu hajapigwa katika santuri, hana budi kwanza aulize: kanda mama iko wapi, na ni nani mwenye haki juu yake? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 imeweka msingi wa swali la pili. La kwanza halijibiwi na sheria. Hujibiwa na kabati.

Sahani iliyotumika hutegemea mwenye nayo wa kwanza. Mnunuzi mwenye ujuzi huishika kwa kingo, akaielekeza kwenye mwanga, akatazama mikwaruzo. Akaangalia kama imepinda kwa jua. Akasoma namba iliyochorwa karibu na katikati, maana hiyo humwambia ilipigwa chapa wapi. Singida, ambako upepo wa kiangazi hubeba vumbi jembamba, mzee wetu aliniambia kwamba adui wa sahani ni watatu: jua la alasiri, sindano iliyochakaa na mgeni mwenye haraka. Lakini sahani kuukuu ina kitu ambacho mpya haina. Ina alama za maisha. Maneno ya penseli juu ya mfuko, jina la duka, mkwaruzo wa usiku wa arusi fulani: vyote hivyo ni historia ya jamii, na havipigwi chapa upya.

Hapana budi pia kusema kwamba wageni walituwahi kuitambua thamani hiyo. Mwaka 1987 John Storm Roberts alitoa nje ya nchi mkusanyo wa nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1960. Tangu mwaka 2005 mfululizo wa Zanzibara umetolewa Ufaransa. Na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa katika santuri mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam. Si haki kuwalaumu watu hao kwa ujumla. Wengi wao wameokoa nyimbo ambazo zingepotea. Lakini sahani inayonunuliwa mlangoni kwa mzee na kupelekwa ng'ambo huondoka pamoja na maneno yake ya penseli, na mtafiti wa kesho wa Singida atalazimika kupanda ndege ili asome kwamba lori lilikwama Babati.

Yatupasayo Kutenda

Kutokana na hayo, mwandishi anaona mambo matatu. La kwanza ni kwamba desturi ya kisheria ya kuwasilisha nakala za vitabu, ambayo nchi yetu imekuwa nayo tangu miaka ya 1960, ingefaa ihusu pia sauti kwa ukamilifu ule ule, ili kila albamu iwe na nakala moja mahali pasipo na jua wala shangazi. La pili ni kwamba maktaba na vituo vya utamaduni vya mikoa vingeweza kuwa na chumba kimoja chenye kinanda cha santuri, redio ya kaseti na kompyuta, ambamo mwananchi anakuja na sahani au kanda yake, inanakiliwa, naye anaondoka na mali yake mkononi. Kanda za miaka ya 1990 hazina muda mrefu. Nyingine hazitavumilia kuchezwa zaidi ya mara moja. La tatu ni kuandika. Sauti isiyo na jina, mwaka na mahali ni kama barua isiyo na anwani.

Je, akiba ya sauti haiozi? Tumeona kwamba huoza. Mtama hukaa ghalani kwa sababu kuna mtu anayelizungukia ghala, anayeziba panya na kuanika. Methali ya wahenga haikumsahau mtu huyo. Ilimchukulia kuwa yupo.

Niliporudi tena katika nyumba ile, kijana alikuwa ameunganisha redio ya kaseti na kompyuta yake ya kibandani, akawa ananakili kanda zake. Ile iliyokatika aliiunga kwa utepe wa gundi, ikasoma karibu yote. Nilimwuliza kuhusu ile ya kwaya, kama anadhani kuna njia ya kuipata albamu iliyo chini yake. Alinijibu kwamba iliyofutwa imefutwa, lakini kwaya ilikwisha kabla ya kanda kwisha, na katika dakika nne za mwisho mfokaji wake bado yupo, akianzia katikati ya neno. Kisha aliniambia kwamba shangazi alikwisha kufariki, na kwamba sauti ya pili kutoka kushoto, ile nyembamba inayochelewa kidogo, ni yake. Hakuna kanda nyingine inayoihifadhi.

Tuliisikiliza yote, kwaya na kisha zile dakika nne. Babu alikuwa ameketi mlangoni. Kanda ilipokwisha, aliomba penseli, akaichukua ile karatasi ya jalada, akaandika mahali, mwaka, na majina yote mawili.